Muganga wa Usingizi na Mkono Wangu wa Kulia

Muganga wa usingizi alikuwa anasalimia mkono kwanza, mwenye mkono baadaye. Ukimpa kiganja alikigeuza juu, akakitazama kama mtu anayechagua samaki, akakipapasa kwa mgongo wa vidole vyake, halafu ndiyo akakuuliza habari za nyumbani. Na hakuachia. Mtaongea mvua, mtaongea msiba wa jirani, mkono wako uko kwake muda wote, ukitaka kujikuna utumie wa pili. Wanaume wengine wa mtaa wetu wa Rumonge walichukia, hasa ikiwa mkono ni wa mke. Mmoja alimwendea akamwambia waziwazi:

"Muzee, mukono ya bibi yangu iko na mwenyewe."

"Iko na mwenyewe," akajibu, "lakini haiko na damu. Mupe maini."

Yule mama alipopimwa alikutwa kweli amepungukiwa damu. Lakini nisimpe sifa za bure: miaka ile ya vita akina mama wengi walikuwa wamepungukiwa damu, hata angesema vile bila kushika mkono angepatia.

Shule yangu iliishia la sita, kwa hiyo anayesoma asitafute mpangilio mzuri. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimeyapata kwa watu, na nitajaribu kusema lipi ni lipi. Jambo moja lijulikane mapema, kwa sababu bila hilo nisingemjua mtu huyu zaidi ya salamu: mimi nina jasho la mikono. Sisemi jasho la kazi. Naweza kukaa kivulini, sina homa, sina wasiwasi, na maji yanadondoka kwenye ncha za vidole. Nikiandika naweka kitambaa chini ya kiganja, na bado wino unakimbia. Biashara ya mawese niliichagua kwa sababu hiyo. Mtu wa mawese mikono yake ikiteleza, nani atashangaa? Watu wa sokoni walinijua miaka mingi bila kujua. Yeye alijua siku ya kwanza alipohamia nyumba ya pili kutoka kwetu. Alishika, akageuza, akasema, "Haya si mafuta." Basi. Hakuniambia tena wala hakumwambia mtu.

Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwalaza watu wanaopasuliwa, kisha kuwaamsha. Watu wakimuita daktari alikataa. "Mimi infirmye, muuguzi tu," alisema. "Daktari anakata. Mimi naangalia kama ule anakatwa angali ndani." Alitoka ng'ambo ya ziwa, Uvira ya Kongo, akiwa kijana, na Kiswahili chake kilibaki cha ng'ambo hadi uzeeni.

Kwa mtu aliye macho alikuwa mkali, hana maneno matamu hata moja. Mgonjwa akiuliza, "Itauma?" alijibu, "Itauma." Akiuliza, "Sana?" alijibu, "Subiri utajua." Lakini mtu huyohuyo akishalala, muganga alibadilika. Wafagiaji wa chumba cha upasuaji walinisimulia kwamba alimuinamia mgonjwa sikioni akampigia porojo kwa sauti ya kubembeleza, mwanzo wa upasuaji mpaka mwisho: nani ameoa, nani ameachika, mtumbwi wa nani umerudi mtupu. Aliamini mtu aliyelazwa anahitaji kamba ya kushikilia, na kamba nzuri ni habari za mtaa. Ikatokea mama mmoja alipasuliwa kutolewa mtoto, na alipozinduka neno lake la kwanza halikuwa mtoto mzima au mtoto gani. Alisema, "Mbuzi wangu yuko kwa shemeji yangu." Mbuzi huyo alikuwa amepotea tangu juma lililotangulia. Watu wakaenda kwa shemeji, mbuzi akakutwa. Ukawa ugomvi wa koo mbili. Muganga aliitwa mbele ya wazee, akakana kabisa. Yule mama akasimama na kitoto mgongoni:

"Sauti ndiyo iliniambia. Na sauti ile ilikuwa na Kiswahili cha Uvira."

Wazee walicheka mpaka baraza likavunjika. Kwa haki niseme kwamba shemeji mpaka leo anadai mbuzi alimnunua.

Huyu mtu aliyekuwa akilaza watu alichukia kuona mtu amelala. Ukijinyoosha mchana chini ya ukuta wako alikuja kukutikisa: "Nani amekulaza? Na nani anakuangalia?" Siku ya arusi ya mpwa wake, akiwa njiani na suti yake ya kijivu, alimkuta mlevi amelala kando ya barabara iendayo bandarini. Akakaa naye. Akashika kifundo cha mkono wake, akaanza kumueleza habari za mtaa. Arusi ilifungwa, ikaliwa, watu wakaanza kurudi, wakamkuta bado amekaa pale kwenye vumbi. Mlevi alipoamka akamtukana kwa kumshikashika. Muganga akajipangusa suti akaenda kula makombo, na dada yake hakuzungumza naye mpaka sikukuu iliyofuata. Nilimuuliza kwa nini hakumwachia mtu mwingine yule mlevi. Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha kipumbavu, na labda nilikuwa nimeuliza.

Halafu kuna suala la ukweli. Hakumdanganya mgonjwa hata kidogo, lakini askari wa vizuizi vya barabarani aliwadanganya kwa raha, tena uongo usio na faida. Wakimuuliza umri aliongeza, wakimuuliza atokako alitaja pengine. Nilimwambia, "Muzee, wewe si ulisema uongo ni dhambi?" Akasema, "Mugonjwa iko na haki ya kujua. Bariere iko na haki gani?"

Hapo kwenye bariere ndipo habari yangu na yake inapoungana.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Bujumbura inafuata ziwa, na upande wa pili iko milima. Milimani walikuwa watu wenye bunduki, barabarani walikuwa basoda, ndivyo tunavyowaita askari wa serikali. Sisemi upande gani ulikuwa mbaya, mimi niliogopa pande zote mbili sawasawa. Basoda waliweka bariere, mti umelazwa njiani, na kila gari lilisimama abiria washuke. Mwanzoni walitazama vitambulisho. Kisha mkubwa mmoja wa bariere, sijui aliutoa wapi, akaanza mtindo wa kumpa kila abiria mkono na kumuuliza, "Amahoro?" yaani, ni amani? Mkono mkavu, pita. Mkono wenye maji, kaa pembeni, maana wewe una jambo moyoni. Mtindo ukawapendeza wenzake, ukahamia bariere nyingine. Kusema kweli haukuwa upumbavu mtupu, nasikia waliwahi kumkamata kwa njia hiyo mtu aliyeficha risasi ndani ya dagaa. Lakini pia walimkamata mwenye malaria, na bwana arusi, na mchungaji mmoja aliyekuwa na haja ya choo.

Mimi walinishika mara moja tu. Yule musoda alinipa mkono, akauvuta wake haraka, akaukung'uta kama ameshika chura. Akawaita wenzake waje waguse. Nilikaa juani mpaka jioni pamoja na kijana mmoja wa Minago ambaye naye alikuwa amelowa, kwa woga wa kweli. Mimi walinirudisha kusini. Yule kijana waliondoka naye, na mpaka nahama Rumonge nilikuwa sijasikia kwamba ameonekana.

Tangu hapo sikuthubutu. Na mke wangu, Mama Zuena, alikuwa Buyenzi, Bujumbura, kwa kaka yake. Nilimtanguliza huko na mtoto baada ya nyumba za jirani kuchomwa, nikidhani nitafuata baada ya siku chache. Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja dereva wa kamiyo, lori la mawese, akaniletea maneno yake, mafupi kama kawaida yake: "Mwambie Baba Zuena akikawia zaidi, asishangae. Mtoto juzi amemuita mjomba wake baba." Siku hiyo sikuuza mafuta.

Nilimweleza muganga. Hakusema pole. Alinishika mkono akanikokota nao mpaka hospitali, njia nzima, watu wanatutazama, akanipeleka mbele ya daktari wa upasuaji. Huyu alikuwa bwana mpole kutoka Bujumbura, aliyeteremka pamoja na msafara wa jeshi kila njia ilipofunguka, hasa kwa ajili ya majeruhi.

"Daktari, angalia hii. Ni bomba."

Daktari akaangalia. Akatueleza kwamba uko mshipa mmoja wa fahamu unapita ndani, chini ya shingo, karibu na ubavu wa kwanza, na huo ndio unaoamrisha jasho la mkono. Ukikatwa, mkono unakauka moja kwa moja. Alipata kuukata mara chache, si nyingi. Kisha akanionya, na nashukuru alinionya: jasho likizibwa mkononi laweza kwenda kutokea mgongoni au tumboni.

"Mugongo hakuna musoda anaupatia salamu," akasema muganga wa usingizi.

Wakakubaliana kuanza na mkono wa kulia peke yake. Dawa ya kulazwa kabisa ilikuwa kidogo sana wakati ule, wakiiweka kwa ajili ya akina mama wa kujifungua, na ilikuwa haki yao. Mimi ningepasuliwa macho, kwa sindano ya ganzi tu. Muganga ndiye angepiga hiyo sindano shingoni, karibu na mshipa, ili mshipa unyamaze kwanza. Kama ukinyamaza na mkono ukakauka, daktari atajua amefika penyewe, atakata. Kama mkono haukukauka, hakuna kukata. Kazi yote ya kujua ilikuwa ya muganga.

Mashine yao ya kupimia iliibwa zamani pamoja na waya zake. Basi akanitaka nije na unga wa muhogo kutoka nyumbani.

"Wa kula?"

"Wa kula wewe ukipona. Leta."

Asubuhi ya siku yenyewe alinilaza, akanipaka kiganja iyodi, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Ilipokauka kidogo akaninyunyizia unga juu yake. Mahali penye jasho unga unageuka mweusi, penye ukavu unabaki mweupe. Kiganja changu hakikungoja. Kiligeuka cheusi chote mara moja kama sufuria. Mfagiaji akasema, "Mama wee." Kisha muganga akanishikisha kipimajoto, kile cha homa cha kioo. Kipimajoto cha homa hakishuki chini ya thelathini na tano, na mkono wangu ulikuwa baridi kuliko hapo, kwa hiyo zebaki ilikaa chini haitikisiki. Muganga akamtangazia daktari kwa uzito wote:

"Kwa terimometre, mukono huyu alikwisha kufa."

Akanipiga sindano. Nilisubiri aniambie habari za mtaa, nikakumbuka kwamba mimi niko macho, sina haki nazo. Aliinua mkono wangu, akaushika kwa mkono wake mmoja, na kwa mwingine akawa ananitazama jicho, akinifunua kope kama mtu anayechungulia chungu. Nilimuuliza jicho linahusu nini na jasho. Akasema mishipa hiyo ni majirani, ukimnyamazisha mmoja wa pili anaweza kusinzia naye.

Haikuchukua muda nikasikia joto linateremka mkononi, kama kuna mtu anamimina chai ya uvuguvugu ndani ya mkono wa shati. Pua ya kulia ikaziba. Na kope la jicho la kulia likashuka lenyewe, nikalipandisha, likashuka tena.

"Jicho limeanguka," akasema daktari. "Umepanda juu mno, muzee."

"Kidogo," akakubali muganga. Hilo lilikuwa kosa lake na hakulikataa. "Jicho itarudi dawa ikiisha. Lakini tuangalie mukono."

Wakaangalia. Zebaki ilikuwa imeng'oka pale chini, inapanda. Muganga akanifuta kiganja kwa spiriti, akapaka iyodi upya, akanyunyiza unga. Unga ukabaki mweupe. Tukangoja. Mweupe. Mfagiaji akamuita mwenzake, mwenzake akamuita mpishi, chumba kikajaa watu wanaotazama unga wa muhogo usiofanya kitu chochote. Nilijigusa shavu. Nilishtuka, nilidhani nimeguswa na mtu mwingine.

Daktari alikuwa ameshanawa, ameshavaa glavu, kisu kiko mkononi. Hapo milio ya bunduki ikaanza milimani. Kwanza mbali, watu wakainama kidogo. Halafu karibu, wote wakalala chini, isipokuwa muganga, aliyebaki amesimama kwa kuwa mkono wangu ulikuwa kwake na mimi nilikuwa mezani. Nilimtazama kwa jicho la kushoto. Hakuonyesha kitu. Watu wa Rumonge walikuwa wakisema mtu yule hajui kuogopa, na asubuhi ile niliamini.

Musoda akaingia na buti zake: msafara unaondoka sasa hivi, daktari apande, na majeruhi wawili wapakiwe ndani ya gari lake. Daktari alinitazama. Najua alisikitika. Akaweka kisu chini, akavua glavu. "Nikirudi tutamaliza," akasema. Alikuwa na majeruhi, mimi nilikuwa na jasho. Hata mimi ningeamua vilevile.

Nikabaki mezani, nimepigwa ganzi, sijakatwa, nina jicho moja. Muganga alikuwa ananikusanyia nguo.

"Vaa shati."

"Na operesheni?"

"Operesheni imeondoka na gari. Mukono yako haijui. Sasa hivi iko kavu. Vaa shati, twende Bujumbura."

"Itakaa kavu mpaka saa ngapi?"

"Mpaka dawa ichoke. Siwezi kukudanganya, wewe mugonjwa."

"Na wewe unaenda wapi?"

Akachukia. "Mimi nimekupiga ganzi. Nikuache na ganzi njiani, kama muzigo?"

Mkubwa wa hospitali alikasirika sana baadaye, na alikuwa na haki, kwa sababu siku nzima hospitali haikuwa na mtu wa kulaza wagonjwa. Nasikia hiyo ndiyo sababu muganga alihamishiwa Kabonga, huko mpakani na Tanzania. Bahati, siku ile hakuna aliyehitaji kupasuliwa. Bahati hiyo si ya kujivunia.

Tulidandia kamiyo ya mawese mkiani mwa msafara, tukakaa juu ya bido, madumu ya mafuta, ameshika mkono wangu wa kulia kama mchumba. Shida ilikuwa wa kushoto. Kwetu ukimpa mtu mkono kwa heshima, unashika na wa pili kwenye kiwiko chako, na wa kushoto ulikuwa bado bomba. Ungeacha alama kwenye shati mbele ya musoda. Kuuficha mfukoni ni dharau. Muganga alilifikiria hili kabla sijalifikiria, akawa ameazima kuku kwa mama mmoja wa uani hospitalini. Akanipakatisha kuku kwapani kushoto. "Mutu na kuku hakuna anamuuliza mukono ya pili."

Njiani hakutulia. Kiganja changu cha kulia alikifuta, kidole kidogo tu akakipaka iyodi na unga, kiwe mlinzi, na kila kona alikitazama. Mara anagusa kiganja kwa mgongo wa vidole, mara ananifunua kope. Abiria mwingine, mwanamke aliyekaa na tenga lake, aliuliza, "Huyu kaka anaumwa nini?" Muganga akamjibu, "Kwa sasa, haumwi." 

Minago tukashushwa. Musoda kijana akanipa mkono. "Amahoro?"

"Amahoro, shefu."

Akaushika muda mrefu. Nilihisi moyo unanipiga masikioni, na mkono ule umetulia kabisa, kama si wa familia yetu. Kisha akanitazama usoni.

"Unanikonyeza?"

"Hapana, shefu."

"Unanikonyeza sasa hivi!"

"Ametolewa jino," akadakia muganga. "Sindano imepanda jichoni."

Musoda akaridhika, akageukia kuku. Akampapasa. Bawa lote nililokuwa nimekumbatia lilikuwa limelowa linadondosha maji.

"Mbona kuku yako imenyeshewa na mvua hakuna?"

"Kuku iko na homa," akasema muganga, bila kupepesa.

Musoda alimwachia kuku haraka, akaenda kunawa ziwani. Tukapita.

Gitaza ndiyo ilikuwa bariere kubwa ya mtindo ule, na pale ndipo alipokuwa mwenyewe, yule mkubwa aliyeuanzisha. Harufu ya dagaa walioanikwa, jua la kuchoma, watu wamepangwa mstari. Alipofika kwangu nilimpa mkono. Akausikiliza. Sina neno jingine, aliusikiliza.

"Huyu iko na joto sana."

"Ni afya," akasema muganga.

Mkubwa akaniambia panda. Nikapanda. Alipokuwa anageuka kwenda, kwa adabu tu, kwa kuwa muganga alikuwa mzee mwenye mvi, akampa mkono na yeye. Muganga akatoa wake. Nikaona uso wa mkubwa unabadilika. Akakigeuza kiganja cha muganga juu, kama muganga alivyokuwa akigeuza vya watu, na jua likakipiga. Kiling'aa.

"Huyu abaki."

Nilidhani ni maji yangu yamemshika. Lakini njia nzima alikuwa ameshika mkono wangu wa kulia, mkavu kama mti. Yale maji yalikuwa yake.

Nikainuka kushuka. Alinisukuma kifuani na kiganja kilekile, kikalowesha shati. "Kaa. Wewe uko chini ya dawa." Akanitupia kifurushi cha unga na kichupa cha pili cha iyodi. "Angalia kidole. Ikianza nyeusi, usitoe mukono kwa mutu." Dereva alikuwa ameshatia gia, kwa maana msafara haungoji. Mara ya mwisho nilimuona amekaa chini kwenye mstari wa waliolowa, na kuku amembakia yeye, sikumbuki namna gani.

Kilichofuata sikukiona. Dereva, aliyerudi kesho yake, alisema walipomuuliza muganga kwa nini anatoka jasho alijibu, "Naogopa," na basoda hawakujua la kufanya, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa akisema ni jua au ni malaria. Mama mmoja muuza dagaa wa pale Gitaza alieleza zaidi. Kwamba muganga alimwambia mkubwa, "Shefu, mukono haisemi mabaya ya mutu, inasema woga tu. Angalia na yenu." Akatoa iyodi yake, akaomba unga wa muhogo kwa huyo mama, akawapaka basoda mmoja mmoja, nao wakakubali kama watoto wa shule, na viganja vyote vikageuka vyeusi, cha mkubwa kuliko vyote. Wakacheka, wakaachia watu wote wa mstari, wakala kuku. Mama huyo ana chumvi nyingi, si ya dagaa tu. Na jua lilikuwa kali, kiganja cha yeyote kingekuwa cheusi. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba muganga alirudi Rumonge akiwa mzima, na kwamba mtindo wa mikono Gitaza uliendelea, ingawa wanasema ulipungua.

Operesheni haijafanyika mpaka leo. Nilibaki Bujumbura hadi silaha zilipokusanywa, na yeye alikuwa ameshahamishwa. Nilituma salamu mara nyingi kwa madereva. Hazikufika, au zilifika zikiwa salamu tupu.

Tulionana Kabonga, miaka mingi baadaye. Nilikwenda kutafuta mawese, nikamkuta kwenye mchanga katikati ya meza za dagaa, amestaafu, mgongo umepinda, anafukuza ndege kwa ufito. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Hakuuliza habari. Alishika mkono, akaugeuza, maji yakamtiririkia kwenye kifundo.

"Ulifika saa ngapi?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Muzee, ni miaka..."

"Wewe nilikuachia njiani. Ganzi ilikuwa ndani. Nilirudi nyumbani sijui kama mukono ilikauka mpaka mulangoni au iliishia Kanyosha, pa kuingia mujini, wakakushika. Kila mutu nimelaza, najua aliamka saa gani. Wewe peke yako sijui. Ulifika saa ngapi?"

"Adhuhuri," nikasema. "Walikuwa wanaadhini. Bado kavu."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Lakini mimi sikuridhika, niliona sijasema sawa. Nikamweleza lililobaki, ambalo sikuwahi kumweleza mtu. Mama Zuena alinipokea kwa kilio. Mtoto alisimama mbali. Nikachuchumaa, nikampa mkono. Akaushika kidogo, akautupa. Akamwambia mama yake, "Huyu sio Baba. Mukono ya Baba iko na maji." Mama yake akamwambia ni yeye, tazama uso. Akatazama uso, akaona jicho limelala, akakimbilia nyuma ya mlango. Nilikaa kwenye kiti cha wageni mchana wote. Walinipikia, nilikula, mtoto alinichungulia kwenye ufa. Nilikuwa nakitazama kile kidole kidogo, nikikiombea kigeuke cheusi, mimi niliyeomba maisha yangu yote kinyume chake. Jua lilipokuwa linaingia Kongo nikasikia ubaridi unarudi. Kikaanza kidoa kimoja. Nikaacha mkono juu ya goti. Akaja polepole, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Akaingiza vidole vyake katikati ya vyangu. Vikateleza. Akavirudisha. Kisha akapiga kelele mpaka jikoni:

"Mama! Baba amefika!"

Muganga wa usingizi alikuwa bado ameushika mkono wangu. Ndege walikuwa wameshatua mezani, wanakula dagaa wa watu, na ufito umelala mchangani. Midomo ikawa inamcheza, kama mtu anayelinganisha vipimo viwili visivyokubaliana.

"Basi," akasema, "tushike saa ya mutoto."